Kioo cha paani kimegoma? Usikimbilie mota

Masika ya mwaka juzi, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, mbele kidogo ya Ubungo, na sanrufu ya gari langu, yaani kile kioo cha paani kinachofunguka, iko wazi kiasi cha kiganja. Nilikuwa nimeifungua mchana ili joto litoke. Mawingu yalipoanza kukusanyika nikabonyeza kitufe cha kufungia. Kioo kikasogea kidogo, kikatoa mlio wa krrr, kikasimama. Nikabonyeza tena. Krrr, kimya. Mvua ikashuka. Nafika Kimara kiti cha abiria kimelowa chapachapa, na taa ya ndani inadondosha maji kama bomba bovu.

Kesho yake fundi wa kwanza alitazama kwa muda mfupi tu akasema, "Mota imekufa, bosi." Nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, nikanunua mota ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina ileile, ikafungwa. Krrr, kimya. Fundi wa pili akashauri tukisukume kioo kwa nguvu mpaka kifunge, tupake silikoni ya kuzibia pande zote, tusahau kwamba paa lina tundu. Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Ilala ambaye kazi yake hasa ni vioo na vitasa vya milango. Yeye hakugusa bisibisi. Aliniambia niwashe injini, nibonyeze kitufe, naye akaweka kiganja darini karibu na taa. Akasikiliza mara tatu.

"Mota inalia," akasema. "Kinacholia hakijafa, mwanangu. Kinabanwa."

Alikuwa sahihi. Toka siku ile nimeshasaidia kufungua sanrufu kadhaa za majirani na jamaa, na karibu kila mara habari ni ileile: mota inahukumiwa, mota inabadilishwa, na kosa linabaki palepale kwenye reli. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona mtu ananunua kifaa ambacho hakikuwa na kosa, halafu akiona bado hakijapona anakubali silikoni.

Kilichoko juu ya kichwa chako

Sanrufu ninayoizungumzia ni ile ya kioo kinachoweza kuinuka upande wa nyuma, na pia kuteleza kurudi nyuma na kujificha kati ya bati la paa na dari ya kitambaa. Ndiyo unayoikuta kwenye Mark II, Harrier, Forester na sedani nyingi za Kijapani na za Kijerumani za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Zipo zinazoinuka tu bila kuteleza, hizo ni nyepesi kutengeneza. Zipo zilizochukua karibu paa zima, hizo ni nzito zaidi. Kanuni haziachani sana. Paa la magari ya watalii, lile la kuinua kwa mkono mkifika mbugani, ni kitu kingine kabisa na halimo humu.

Ukiondoa kioo utaona fremu, na kushoto na kulia kwake reli mbili za aluminiamu. Ndani ya kila reli kuna viatu vya plastiki vinavyobeba kioo na kuteleza. Mota yenyewe ni ndogo, na katika magari mengi imefichwa mbele, juu ya taa ya ndani, katikati ya vile vibao vya kuzuia jua. Si yote lakini. Katika Mercedes W124 mota iko kwenye buti, na inafanya kazi kwa mbali. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa taa, hakikisha gari lako limeweka mota wapi.

Kati ya mota na viatu kuna kebo mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanazifikiria kama waya za breki za baiskeli. Waya wa breki unajua kuvuta tu, ukiusukuma unajikunja. Kebo ya sanrufu ni waya mgumu wa chuma uliozungushiwa waya mwingine kama springi iliyobana. Ule mzunguko ndio meno yake. Kebo yenyewe inapita ndani ya njia nyembamba isiyoiruhusu kujikunja, hivyo inaweza kuvuta na kusukuma vilevile. Gia ndogo ya mota inakaa katikati ya kebo mbili na kuziuma zote kwa wakati mmoja. Gia ikizunguka, kebo moja inakwenda kulia na nyingine kushoto, kisha kila moja inapinda kona na kuingia kwenye reli ya upande wake. Kwa sababu ya zile kona, mwisho wa safari zote mbili zinasukuma kioo upande mmoja, kwa mwendo mmoja. Ni mpango mzuri sana. Lakini unadai jambo moja: pande zote mbili ziwe nyepesi sawasawa. Upande mmoja ukiwa mzito, kioo kinakaa mshazari, na kioo kikikaa mshazari kinajibana chenyewe, kama droo ya kabati la zamani unayoivuta kwa kishikio kimoja.

Kuna ugumu mwingine. Kioo kikiwa kimefunga kiko sawa na bati la paa, kwa hiyo hakiwezi kurudi nyuma moja kwa moja, kitagonga bati. Lazima kwanza kishuke upande wa nyuma, kipite chini, ndipo kiteleze. Kwenye kufunga ni kinyume: kinakuja mbele kikiwa chini, na hatua ya mwisho kinapanda mpaka raba yake ibane. Kazi ya kupanda na kushuka inafanywa na kipande chenye mfereji uliopinda, na pini inayotembea ndani ya mfereji huo. Kipande hiki mara nyingi ni cha plastiki. Kimekaa chini ya bati linalopigwa na jua miaka 20 au 25, na kinabeba uzito wa kioo kila kinapopanda. Ukisikia sanrufu imevunjika ndani, mara nyingi ni hapo.

Na mota inajuaje mahali pa kusimama? Katika magari ya miaka ya 1990 kuna swichi ndogo zinazobonyezwa na gurudumu lenye vibonye, lililofungwa pamoja na gia. Zile za baadaye zina kompyuta ndogo inayohesabu mizunguko ya mota na kukumbuka "kufunga" ni mzunguko wa ngapi. Tofauti hii kumbuka, nitairudia.

Funga kwanza

Mtu akinipigia simu kwamba sanrufu imegoma ikiwa wazi, simuulizi aina ya mota. Namwambia aifunge kwa mkono kabla ya mambo mengine yote. Waliobuni magari haya walijua kuna siku umeme utakataa, hivyo karibu kila gari lina njia ya kuzungusha mota kwa mkono. Kwenye Toyota nyingi unaondoa kifuniko cha taa ya ndani kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, unaona kitako cha mota kikiwa na skrubu au kizibo katikati. Unakiondoa, unaingiza ile spana ndogo yenye umbo la L na ncha ya pembe sita, unazungusha. Gari nyingine zinatumia bisibisi ya kawaida. Gari nyingine spana hiyo ilikuja nazo, ipo kwenye mfuko wa jeki kama mwenye gari wa kwanza hakuipoteza.

Zungusha taratibu, na uwe na subira, kwa maana ni mizunguko mingi. Mtu mwingine aliye nje asukume kioo kwa viganja viwili, kushoto na kulia kwa nguvu sawa, kuelekea mbele. Asisukume katikati, na asisukume upande mmoja. Usifunge drili ya umeme kwenye kitako cha mota ili kuharakisha. Mkono wako unahisi kitu kikianza kukaza na unasimama, drili haihisi, inavunja. Na kioo kile kimeimarishwa kwa joto kiwandani, kinastahimili mengi, ila kikipigwa nyundo ukingoni kinamwagika chote kwa mara moja kama punje za mahindi.

Kikishafunga, chomoa soketi ya mota. Mvua sasa inyeshe itakavyo, wewe una muda wa kufikiri.

Sikiliza kabla ya kufungua

Ikiwa hakuna sauti yoyote unapobonyeza, tatizo liko kwenye umeme, na hilo ndilo tatizo jepesi. Anza na vioo vya milango: katika magari mengi ya zamani sanrufu inachota umeme njia moja na vioo hivyo, kwa hiyo vyote vikigoma pamoja tafuta fyuzi au rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) vinavyochangia. Kama vioo vinafanya kazi na sanrufu peke yake iko kimya, angalia fyuzi yake, kisha swichi. Swichi za paani zinakula maji kila paa linapovuja. Ukiifungua unakuta kontakti zimeota ukungu wa kijani. Zisugue kwa msasa laini, pulizia dawa ya kusafishia kontakti, ujaribu tena. Ukiwa na mita ya kupimia volti, chomoa soketi ya mota, mtu abonyeze kitufe, upime. Ukiona volti 12 zinafika na mota haishtuki hata kidogo, basi sasa una haki ya kuituhumu mota. Kabla ya hapo huna.

Kwenye mota ya kizamani yenye waya mbili tu unaweza kuipa umeme wa betri moja kwa moja kupitia waya wenye fyuzi. Ukigeuza waya, inageuza mwelekeo. Hapo swichi za kuisimamisha hazihusiki, kwa hiyo gusa na uachie, gusa na uachie. Mota yenye kompyuta yake usiifanyie hivyo kamwe.

Ikiwa unasikia mkoromo mfupi, na taa za dashibodi zinafifia kidogo kila ukibonyeza, mota iko hai na inasukuma ukuta. Huu ndio uliokuwa mlio wangu. Jaribu na injini ikiwa inanguruma: betri peke yake inatoa volti 12 na kitu, oltaneta, ile inayochaji betri, ikifanya kazi unapata karibu 14, na tofauti hiyo ndogo mara nyingine inatosha kukivusha kioo pale kilipokwama. Kikivuka usishangilie, kimekuonyesha tu kwamba njia ni nzito.

Ikiwa mota inazunguka kwa sauti nyepesi, vuuu, na kioo hakitikisiki, gia imeachana na kebo. Kabla ya kuwaza kebo mpya, kaza skrubu zinazoshikilia mota. Zikilegea, mota inanyanyuka kidogo kutoka kwenye kebo, na meno yanarukana. Zikiwa zimekaza na bado inaruka, chomoa mota utazame: kebo iliyoliwa utaiona kwa macho, ule waya wa nje umelainika mahali pamoja, unang'aa.

Kioo kinachokwenda mshazari, kona moja mbele ya nyingine, kimepata moja kati ya mawili: kiatu cha upande mmoja kimevunjika, au kebo moja imeruka jino. Usiendelee kubonyeza. Kila unapobonyeza unapinda kitu kilichokuwa kizima.

Na kile kinachofunga vizuri halafu kinarudi nyuma chenyewe? Hicho kina ulinzi wa vidole. Kompyuta ikihisi mota inapata uzito kabla ya mahali inapotarajia, inadhani kuna mkono wa mtoto, inarudisha. Raba iliyokauka au grisi iliyoganda inaweza kuidanganya. Betri iliyochomolewa inaweza kuifutia kumbukumbu pia, na hapo dawa ni kuifundisha upya: kwa kawaida unashikilia kitufe cha kufunga au cha kuinua kwa sekunde kadhaa bila kuachia mpaka kioo kimalize safari yake na kutulia. Utaratibu unatofautiana kwa kila gari, tafuta kitabu chake. Magari yale ya vibonye hayana kumbukumbu ya kupoteza, kwa hiyo anayekwambia "tuiprogramu upya" kwenye sedani ya mwaka 1996, mwombe akuonyeshe kompyuta yenyewe iko wapi.

Tulichokikuta kwenye reli

Turudi Ilala. Mzee alilegeza skrubu nne za kioo, mbili kila upande, tukakitoa kwa kukiinua kwenda juu, mmoja huku na mwingine kule, tukakilaza juu ya kipande cha godoro. Kisha akanipa tochi. Reli ya kulia ilikuwa na grisi ya rangi ya kahawia, chafu lakini bado laini. Ya kushoto ilikuwa na kitu ambacho sikukijua kwa haraka. Kilikuwa cheusi, kikavu juu na chenye kunata chini, kama ulimbo ambao watoto wanategea ndege. Ndani ya ule ulimbo kulikuwa na vijiti vya majani ya mwarobaini, mchanga, na mbegu mbili nzima. Gari langu nalilaza chini ya mwarobaini, na upande wa kushoto ndio unaoelekea shina. Kiatu cha nyuma cha reli ile kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kilikuwa bado hakijaachia.

Yaani mti ule ninaoupenda kwa kivuli chake ndio uliokuwa unaitafuna sanrufu, jani moja kwa siku.

Grisi ya kiwandani haikukusudiwa kuishi robo karne. Mafuta yake yanakauka, kinachobaki ni ile sehemu nzito, na hiyo inakamata vumbi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, maana yake hata gari linaloshuka Mombasa leo likiitwa jipya linaweza kuwa na grisi ya miaka 8 relini. Tanzania haikatazi, inatoza ushuru wa uchakavu, kwa hiyo ya kwetu inaweza kuwa ya zamani zaidi. Tena gari linaweza kuwa limefunguliwa paa mara chache sana kabla ya kutufikia, na raba iliyofungwa miaka kumi mfululizo inashikana na bati kama iliyogundishwa. Kwa raba ya namna hiyo, kabla ya kubonyeza chochote, pitisha kadi ya plastiki ya simu au ya benki kuizunguka polepole, ukiwa umepulizia maji ya sabuni. Kisu usikitumie hata kama unajiamini.

Kuzisafisha reli ni kazi ya saa nzima na ina utulivu wake. Unakwangua ulimbo kwa kijiti cha mti au plastiki, si bisibisi, kwa sababu mkwaruzo kwenye aluminiamu utakuwa kituo cha kila kiatu kinachopita. Unafuta kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Petroli na mafuta ya taa yanatoa uchafu haraka, lakini yanavimbisha raba na kuzeesha plastiki, kwa hiyo hapana. Ile dawa ya kopo ya WD-40 inafaa kulainisha ulimbo na kuusafisha, ila si grisi. Anayeipulizia relini na kufunga dari ameazima wiki mbili au tatu tu. Ikikauka, reli inabaki kavu kuliko ilivyokuwa. Na grisi nzito ya bearing, ile ya kopo kubwa iliyoko kila gereji, ni nzito mno kwa kazi hii na inakusanya vumbi kama gundi. Tafuta grisi nyeupe ya lithiamu au ya silikoni, upake kiasi kidogo sana, mithili ya mtu anayepaka siagi huku kopo linakaribia kwisha, kisha usukume viatu mbele na nyuma kwa mkono mara kadhaa. Raba inataka silikoni ya kupulizia, siyo grisi.

Kiatu chenye ufa tulikipata baada ya siku nne, kutoka kwenye fremu nzima iliyotoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Muuzaji alitaka kuuza fremu yote. Mzee akambembeleza akauza kipande.

Kurudisha mota mahali pake

Hapa ningekuomba usome mara mbili. Mota ya kizamani ikishachomolewa, lazima irudi ikiwa kwenye hali ya "nimefunga" huku kioo nacho kikiwa kimefunga. Ile mota ya mtumba niliyonunua Gerezani haikuwa imeharibika, ila ilitolewa kwenye gari ikiwa katikati ya safari. Fundi akaifunga hivyohivyo. Hata kama reli zangu zingekuwa safi, ingesimama pasipotakiwa, kwa sababu inaamini imefika.

Kwa hiyo: viatu vya kushoto na kulia vipange sawasawa kwenye alama zilizo kwenye reli, au kama hazionekani, pima kwa rula kutoka ukingo wa mbele, tofauti ya milimita mbili ni nyingi. Geuza mota ikiwa mkononi, tazama gurudumu lake lenye vibonye, utaona alama ndogo kwenye jino na nyingine kwenye bodi ya mota. Zungusha mpaka zikutane. Ndipo uifunge, ukaze skrubu kwa zamu.

Kama kazi inahitaji kushusha dari ya kitambaa na gari lako lina eabegi za pazia pembeni, zile zinazoshuka kwenye madirisha, chomoa betri na ungoje dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote kwenye nguzo. Hilo si la kujaribu bahati.

Kioo kinaporudi, usikikaze papo hapo. Ukingo wa mbele uwe sawa na bati au chini yake kwa milimita 1 hivi. Wa nyuma uwe sawa au juu yake kwa kiasi hichohicho. Mbele ukitokeza juu, upepo utaukamata ukifika kilomita 80 na utasikia mluzi mpaka Chalinze. Kisha weka kipande cha karatasi kwenye ukingo, funga, kivute. Kizunguke chote hivyo. Pale karatasi inapotoka bila kukaza, raba haijabana.

Kwa nini silikoni si matengenezo

Sasa yule fundi wa pili. Ushauri wake umeenea kila gereji, na unaeleweka: maji yanaingia, ziba. Tatizo ni kwamba raba ya sanrufu haikutengenezwa kuzuia maji yote. Inazuia mengi. Yanayopita yanaangukia kwenye mfereji unaokizunguka kioo chote, na kutoka kwenye kona nne za mfereji huo kuna mipira myembamba inayoyapeleka nje. Ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango. Ya nyuma inashuka nguzo za nyuma na kutokea karibu na tairi au bampa. Ni gata la nyumba, hakuna zaidi. Gata halizuii mvua isinyeshe, linaionyesha njia ya kupita.

Kwa hiyo mtu anayeona maji yanadondoka kwenye taa ya ndani akadhani kioo kinavuja, mara nyingi anaona gata lililoziba na kufurika. Silikoni itapunguza maji kwa msimu mmoja. Jua la mchana linatanua bati, usiku linasinyaa, silikoni inabanduka sehemu moja ambayo huioni, na maji yanaingia mfereji uleule ulioziba. Yanatulia humo. Kutu inaanzia kwenye fremu, kapeti linanuka, na nyaya zilizoko chini ya kapeti upande wa dereva zinaanza kukuletea matatizo ambayo hakuna atakayeyahusisha na paa. Na siku ukitaka kutengeneza kweli, kioo kimegundishwa na rangi ya bati inatoka nacho.

Kama kipuri kimekosekana kabisa na unataka tu paa lifungwe, lifunge kwa ile spana ya L, rekebisha urefu wa kioo mpaka karatasi ikaze pande zote, chomoa soketi ya mota, uiache. Inatosha. Siku kiatu kikipatikana kila kitu kitakuwa bado kizima. Lakini hata sanrufu iliyostaafishwa hivyo bado inahitaji gata lake liwe wazi.

Kuzibua ni rahisi ukiwa na mshipi mnene wa kuvulia samaki. Choma ncha yake kidogo kwa kiberiti iwe duara isikwaruze, uingize kutoka kwenye tundu la kona, usukume huku unauzungusha. Ukigoma usilazimishe, rudi nyuma kidogo, zungusha tena. Upepo wa kompresa ya gereji usiukubali: nguvu yake inachomoa mpira kwenye shingo yake huko ndani ya nguzo, na toka siku hiyo kila tone litaishia kwenye kapeti bila wewe kuona limepita wapi. Katika magari mengine mwisho wa mpira kuna kizibo cha raba chenye midomo miwili kama ya bata. Tope linakwama hapo, kibinye kwa vidole vyako litoke.

Kisha mimina maji. Nusu kikombe, kona moja, polepole, gari likiwa mahali tambarare, na mtu amechuchumaa nje akiangalia. Kona ya mbele kulia: maji yatoke kwenye bawaba ya mlango wa kulia ndani ya muda mfupi, yakitiririka, siyo yakidondoka moja moja. Halafu mbele kushoto, halafu za nyuma. Mimi hufanya hivi mwezi wa pili, kabla masika haijaanza, na tena mwezi wa kumi kabla ya vuli. Mwaka huu kona ya nyuma kushoto, ile ya upande wa mwarobaini, ilitoa maji ya rangi ya chai na jani moja dogo, zima.